Uvira: Katika karate, judo na boksi, jeraha linalofichwa ndilo hatari zaidi

Katikati ya Septemba 1974, karibu na Kinshasa, bondia George Foreman alikuwa katika mazoezi ya kujiandaa kupambana na Muhammad Ali. Kiwiko cha mwenzake wa mazoezi kikampasua juu ya jicho la kulia. Pambano lilikuwa limepangwa tarehe 25 ya mwezi huo. Kila bondia alikuwa ameahidiwa dola milioni 5, waandishi wa habari kutoka kila pembe ya dunia walikuwa wameshafika, na serikali ya Mobutu ilitaka dunia nzima iitazame Zaire. Tamasha la muziki lilifanyika kwa tarehe yake, lakini ngumi zikangoja. Pambano lilisogezwa mbele kwa wiki tano, hadi tarehe 30 Oktoba, ili kidonda kifunge.

Foreman alishindwa siku hiyo, katika raundi ya 8, kwenye uwanja ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Lakini hakuna aliyemwita mwoga kwa sababu alingoja ngozi ya uso wake ishikane.

Huku kwetu kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, hakuna anayelipwa dola milioni 5 kwa kuvaa kimono au glavu, na pengine ndiyo maana wachezaji wengi huona hawana haki ya kungoja. Kijana anateguka mguu Jumatatu, na Jumatano yuko tena kwenye mkeka kwa sababu mtihani wa mkanda unakaribia. Mwingine anapigwa kichwani, anaona nyota, anakaa dakika tano chini ya mwembe, kisha anarudi kwa sababu wenzake wanamtazama. Msichana aliyeanza judo mwezi uliopita anaumia bega na hasemi, akiogopa mama atamkataza kurudi.

Michezo hii inawasaidia vijana wetu. Inawapa nidhamu, afya na marafiki katika mji uliochoshwa na vita, mafuriko na ukosefu wa kazi. Ndiyo sababu inafaa kuzungumza wazi kuhusu namna ya kuifanya bila kuharibu mwili, na namna ya kurudi baada ya kuumia.

Joto, mchanga na saruji

Uvira imebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa. Sehemu tambarare ni ndogo, na imezidi kupungua. Mafuriko ya Aprili 2020 yaliua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Katika miaka iliyofuata, maji ya ziwa yalipanda na kumeza sehemu za pwani. Mazoezi ya michezo hufanyika panapopatikana: darasani baada ya masomo, katika uwanja wa parokia, kwenye ukumbi wa saruji, au juu ya mchanga kandokando ya ziwa.

Kila mahali pana hatari yake. Saruji haisamehe kichwa wala nyonga. Mtu akirushwa juu ya saruji, hata kama amefundishwa vizuri namna ya kuanguka, mifupa yake inabeba uzito wote. Mchanga ni laini kwa mtu anayeanguka, lakini unazungusha kifundo cha mguu cha mtu anayepiga teke na kugeuka. Tena pwani huwa na vipande vya chupa, mifupa ya samaki na ndoano zilizosahauliwa. Kabla ya mazoezi ya mchangani, watu wawili wapite eneo lote wakiokota vitu hivyo kwa mikono, si kwa kutazama tu.

Kilabu kisicho na uwezo wa kununua tatami bado kinaweza kupata mkeka wa kuangukia. Uwanda wa Ruzizi unalima mpunga, na pumba zake si ghali. Magunia yaliyojazwa pumba za mpunga au maranda ya fundi seremala, yakapangwa bila kuacha nafasi katikati na kufunikwa turubai lililovutwa na kufungwa kwa nguvu, yanatoa sakafu inayofaa kwa kujifunza kuanguka. Mambo mawili yanatakiwa: turubai lisiwe na mikunjo inayonasa vidole, na magunia yasogezwe na kujazwa upya kila mara, kwa sababu mtu huumia pale kwenye ufa kati ya gunia na gunia. Kama hata hilo halipo, basi wasirushane. Wafundishe miondoko, mshiko na mizani, na warusho wasubiri.

Somo la kwanza ni kuanguka

Kano Jigoro alipoanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, mwanafunzi hakuanza kwa kujifunza kumwangusha mtu. Alianza kwa kujifunza kuanguka mwenyewe: kidevu kifuani, mgongo wa mviringo, mkono ukipiga mkeka ili kutawanya nguvu ya pigo. Wajapani wanaliita somo hilo ukemi. Lengo lake kubwa ni kwamba kisogo kisiguse chini.

Japani yenyewe ilijifunza kwa machozi gharama ya kuliharakisha somo hilo. Mtafiti Ryo Uchida wa Chuo Kikuu cha Nagoya alipokusanya taarifa za ajali za shuleni tangu mwaka 1983, aligundua kwamba zaidi ya wanafunzi 100 walikuwa wamekufa katika judo kwa muda wa karibu miaka 30. Wengi wao walikuwa wanaoanza, wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mara nyingi walirushwa kwa nyuma, hasa kwa mtindo wa osoto-gari ambapo mguu wa mwenzako unafyekwa kutoka nyuma, kisogo kikagonga chini, na damu ikavuja ndani ya fuvu. Ufaransa ina watoto wengi sana wanaofanya judo, lakini haikuwa na msururu kama huo wa vifo. Huko, anayelipwa kufundisha lazima awe na diploma inayotambuliwa na serikali. Baada ya jambo hilo kutangazwa na familia za watoto kudai hatua, Japani iliandika miongozo mipya ya usalama, na vifo vikapungua sana.

Walimu wetu wanaweza kuchukua funzo hilo bila kutumia franga hata moja. Anayeanza asirushwe kwa nyuma mpaka aweze kuanguka vizuri akiwa amekaa, kisha akiwa amechuchumaa, kisha akiwa amesimama, mara nyingi na siku nyingi. Asipewe mtu mwenye uzito mkubwa au mkanda wa juu anayetaka kumpima. Desturi ya kumkaribisha mgeni kwa kumchapa kidogo ili ajue mahali alipo inapaswa kukoma.

Alama ya kuacha pia ifundishwe siku ya kwanza. Mtu akigonga mara mbili kwa mkono au mguu, au akisema basi, mwenzake anaachia papo hapo. Mwenye kukabwa shingo asingoje mpaka macho yaingie giza, na mwenye kukunjwa kiwiko asingoje kusikia maumivu makali. Kiwiko na shingo huharibika haraka kuliko akili inavyowahi kufikiri.

Kichwa hakivai mkanda mweusi

Majeraha mengi ya michezo hii ni madogo: michubuko, vidole vilivyoteguka, pua inayotoka damu. La kichwa ni tofauti, kwa sababu halionekani. Ubongo unaweza kutikisika ndani ya fuvu bila mtu kuzimia na bila tone la damu. Mtu anasimama, anasema yuko sawa, lakini anauliza swali lile lile mara tatu, anayumba, anaumwa kichwa, mwanga unamsumbua, au anajisikia kama yuko ndani ya ukungu.

Kanuni inayokubaliwa na madaktari wa michezo duniani ni fupi: mtu anayeshukiwa kuwa na mtikisiko wa ubongo anatolewa mazoezini, na harudi siku hiyo hiyo, hata akiapa kwamba amepona. Sababu ni kwamba pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona linaweza kusababisha uvimbe mkubwa na kifo, hasa kwa vijana wadogo, hata kama pigo hilo la pili lilikuwa dogo.

Zipo dalili ambazo hazingoji asubuhi: kutapika zaidi ya mara moja, maumivu ya kichwa yanayozidi, usingizi ambao mtu haamshiki vizuri, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, degedege, udhaifu wa mkono au mguu, maneno yasiyoeleweka, maji au damu kutoka sikioni. Hapo ni hospitali, na ni sasa hivi. Wakaaji wa Uvira wanajua maana ya kuchelewa: upasuaji wa ubongo haupatikani katika kila hospitali, na njia ya kwenda Bukavu inapita uwanda wa Ruzizi na miteremko ya Ngomo. Kila saa iliyopotezwa nyumbani ni saa iliyoondolewa kwenye safari hiyo.

Kama shingo nayo inauma, au mtu hahisi mikono au miguu, asiinuliwe kwa kuvutwa. Kichwa na shingo vishikwe vitulie mpaka apatikane mtu anayejua kumbeba, au abebwe na watu kadhaa juu ya ubao, wote wakinyanyua kwa pamoja.

Kwa saa za kwanza, epuka aspirini, ibuprofeni na diclo, maana dawa hizo zinaweza kuongeza uvujaji wa damu. Parasetamoli inatosha. Pombe isiguswe. Na mgonjwa asiachwe peke yake usiku wa kwanza.

Baada ya hapo, njia ya kurudi ina hatua sita. Siku moja au mbili za kwanza ni za kupumzika kiasi: kutembea nyumbani, kazi ndogo, simu na runinga kwa muda mfupi. Hatua ya pili ni mazoezi mepesi ya kuongeza mapigo ya moyo, kama kutembea haraka. Ya tatu ni miondoko ya mchezo wenyewe mtu akiwa peke yake: kata, hatua, ngumi za hewani. Ya nne ni mazoezi magumu zaidi na mwenzake, lakini bila kupigana wala kurushana. Ya tano, baada ya daktari au muuguzi mwenye ujuzi kukubali, ni mazoezi kamili. Ya sita ni mashindano. Kila hatua ichukue angalau saa 24, na dalili zikirudi, mtu anashuka hatua moja. Wengi wenye umri mkubwa hupona kwa wiki mbili hivi; watoto huweza kuchukua mwezi. Mwanafunzi arudi darasani kwanza, ndipo arudi kwenye tatami.

Boksi ya ridhaa ina sheria kali zaidi. Anayeangushwa kwa pigo la kichwa hukaa nje angalau siku 30. Akiangushwa mara mbili ndani ya miezi mitatu, ni angalau siku 90. Mara tatu ndani ya mwaka, ni angalau mwaka mzima. Tena kofia ya boksi isimdanganye mtu: inapunguza kupasuka kwa ngozi, lakini haizuii ubongo kutikisika.

Mguu ulioteguka si wa kukandwa kwa nguvu

Kifundo cha mguu, goti na bega ndivyo vinavyowarudisha wengi nyumbani. Na nyumbani kinachofuata kinajulikana: maji ya moto, mafuta ya mawese, na jirani mwenye mikono yenye nguvu. Maumivu yanapiga kelele, na familia inaamini kwamba hiyo ndiyo dawa inayofanya kazi.

Katika siku mbili za kwanza, joto na kukanda kwa nguvu huongeza uvimbe na damu inayovuja ndani. Kinachosaidia ni kuacha mazoezi, kufunga mguu kwa bendeji isiyobana mno, na kuuinua juu ya mto ukiwa juu zaidi ya moyo. Baridi inapunguza maumivu: barafu ya jirani mwenye friji, ikifungwa katika kitambaa kwa dakika 15 hivi, au kitambaa kilicholowekwa maji ya mtungi ambao umekaa kivulini.

Namna ya kujua kama pengine mfupa umevunjika ilitengenezwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, na haihitaji mashine. Kama mtu hawezi kupiga hatua nne, mara tu baada ya kuumia na tena anapofika kwa muuguzi, au kama anasikia maumivu anapobonyezwa juu ya mfupa wenyewe nyuma na chini ya vile vinundu viwili vya kifundo, anahitaji picha ya eksirei. Kiungo kilichopinda, kilichotoka mahali pake, au mfupa uliotokeza nje, ni cha hospitali moja kwa moja. Mwalimu asijaribu kurudisha bega mahali pake kwa kuvuta, kwa sababu mishipa ya fahamu na ya damu inapita hapo hapo.

Waunga mifupa wa kiasili wana heshima yao vijijini, na kwa familia nyingi wao ndio walio karibu na wenye bei nafuu. Lakini kila familia ijue hatari moja. Vijiti vilivyofungwa kwa kubana mno huzuia damu. Kama vidole vimekuwa baridi, vimebadilika rangi, vimekufa ganzi, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, fungua mara moja na uende hospitali. Kuna watu waliopoteza mkono au mguu mzima ambao mwanzoni ulikuwa umevunjika tu.

Baada ya siku mbili au tatu, mguu ulioteguka bila kuvunjika unataka mwendo wa taratibu, maana kulala wiki tatu huudhoofisha. Anza kwa kuandika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu. Kisha kanyaga, tembea, simama kwa mguu mmoja sekunde 30, halafu fanya hivyo ukiwa umefumba macho. Nyanyua visigino, panda na kushuka ngazi, kimbia polepole kwa mstari ulionyooka, kimbia kwa kukata kona, ruka kwa mguu mmoja. Mguu ulioumia unapoweza kuruka sawasawa na ule mzima, bila maumivu na bila uvimbe siku inayofuata, ndipo warusho na mateke yanaweza kurudi. Anayeruka zoezi la mizani ndiye anayeteguka tena mahali pale pale.

Goti lililolia pwaa na kuvimba ndani ya saa chache linaweza kuwa limekatika kano. Hilo ni la mtaalamu. Hata kwa wachezaji waliofanyiwa upasuaji wa kano hiyo katika nchi tajiri, madaktari wengi hushauri wasirudi kwenye mapambano kabla ya miezi 9. Kwa mazoezi ya kurudisha viungo, Bukavu ina kituo cha Heri Kwetu na Goma kina Shirika la Umoja, ambavyo kwa miaka mingi vimehudumia walioumia na wenye ulemavu.

Malaria na pigo la tumbo

Kuna hatari moja ambayo vitabu vya karate kutoka Ulaya huitaja kwa nadra, na ambayo kwetu ni ya kila msimu. Malaria inaweza kuvimbisha bandama, kile kiungo kilicho upande wa kushoto chini ya mbavu. Bandama iliyovimba hupasuka kwa urahisi. Teke ambalo mwezi uliopita lilikuwa mzaha linaweza kusababisha damu kuvuja tumboni.

Kwa hiyo mwenye homa hafanyi mazoezi, hata kama amekuja kutazama na anajisikia nafuu. Aliyetoka kuugua malaria arudi kwa kukimbia na kata kwanza, na apimwe tumbo na muuguzi kabla ya kupokea mapigo tena. Mtu aliyepigwa tumboni kisha akawa na maumivu upande wa kushoto, au maumivu ya ajabu kwenye ncha ya bega la kushoto, akaanza kutoka jasho baridi na kizunguzungu, apelekwe hospitali bila kungoja.

Ngozi, maji na mizani

Judo na mieleka ni ngozi kwa ngozi. Aina mpya ya virusi vya Mpox iliyogunduliwa Kamituga ilienea katika Kivu ya Kusini, hospitali kuu ya Uvira ikapokea wagonjwa, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Hata wakati ambapo hakuna habari za Mpox, choa na upele hupita kwa njia hiyo hiyo. Mwenye vipele vyenye maji au usaha, au kidonda kisichofunikika, asiingie kwenye tatami mpaka kipone na ngozi mpya iote. Kimono kifuliwe kila baada ya mazoezi, kucha zikatwe, miguu ioshwe, viatu viachwe nje, na mkeka upanguswe kwa maji yenye javeli.

Kuhusu maji ya kunywa, Uvira imeishi na kipindupindu kwa miongo mingi. Kikombe kimoja kinachozunguka watu 30, kilichochotwa ziwani, ni njia fupi ya kuufunga ukumbi mzima. Kila mtu aje na chupa yake ya maji yaliyochemshwa au kutiwa klorini. Katika joto letu, mazoezi magumu yafanywe asubuhi au jioni, na watu wanywe kabla kiu haijawashika. Mwenye kuharisha abaki nyumbani. Anywe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, wala asichelewe kwenda kituo cha afya.

Mizani nayo imeua watu. Mwishoni mwa mwaka 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache wakijaribu kupunguza uzito kwa haraka, wakifanya mazoezi katika joto huku wamevaa nguo za mpira na bila kunywa. Vyuo vikapiga marufuku njia hizo. Kijana wa Uvira anayekimbia adhuhuri akiwa amevaa jaketi la nailoni ili aingie uzito wa chini anafanya jambo lile lile. Kama kilo hazishuki kwa chakula na muda, apigane katika uzito ulio wake.

Mwalimu anayeadhibu

Popole Misenga na Yolande Bukasa Mabika walizaliwa Bukavu. Vita viliwatenganisha na familia zao wakiwa watoto, wakafika Kinshasa, na huko wakajifunza judo. Mwaka 2013 walikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia na hawakurudi. Waliwasimulia waandishi wa habari kwamba walikuwa wakifungiwa na kunyimwa chakula waliposhindwa. Brazili iliwapa ukimbizi, na kocha Geraldo Bernardes akawapokea mazoezini. Ilibidi wajifunze upya kwamba mwenzako wa mazoezi si adui. Mwaka 2016 walishiriki Michezo ya Olimpiki ya Rio katika timu ya kwanza ya wakimbizi, na Misenga alishinda pambano lake la kwanza.

Habari hiyo inahusu usalama wa mwili moja kwa moja. Mchezaji anayeogopa adhabu huficha jeraha. Anayejua kwamba akisema naumia atachekwa, atachapwa au ataondolewa kwenye timu, atanyamaza mpaka kiungo kiharibike. Anayemeza tramadoli ili asisikie maumivu amezima kengele wakati nyumba inaungua. Mwalimu bora wa mtaa si yule ambaye wanafunzi wake hawalii. Ni yule ambaye mtoto wa miaka 9 anaweza kumwendea na kusema, maître, goti langu linauma, na akapata nafasi ya kukaa pembeni bila kupoteza heshima.

Maswali kabla ya kulipa

Mzazi wa Kavimvira, Mulongwe au Kalundu anayetaka kumwandikisha mtoto hana haja ya kujua karate ili ajue kama kilabu ni salama. Akae pembeni jioni moja atazame, kisha aulize.

Mwalimu alijifunza wapi, na nani anayemtambua? Wanapasha mwili moto kwa muda gani kabla ya kupigana? Katika soka imeonekana kwamba dakika 20 za kupasha mwili kwa mpangilio, zenye mizani na kuruka ndani yake, hupunguza majeraha kwa theluthi moja hivi au zaidi, na miguu ya karate si ya aina nyingine. Wanaoanza wanafundishwa kuanguka kwa wiki ngapi? Watoto wanapangwa kwa umri na uzito? Yuko mtu mzima mwingine ukumbini, hasa wasichana wanapofanya mazoezi? Sanduku la huduma ya kwanza liko wapi, na lina nini ndani: bendeji, glavu safi, gozi, sabuni? Nani ana namba ya mwenye pikipiki au gari la kwenda hospitali usiku?

Mwisho aombe kuona daftari. Kilabu kinachojali huandika kila jeraha: tarehe, jina, kiungo kilichoumia, mtindo uliotumika, na siku mchezaji aliporuhusiwa kurudi. Daftari la franga chache linamwonyesha mwalimu kwamba vifundo vinne vya mguu vimeteguka mwezi huu kwenye kona ile ile ya mkeka, au kwamba kijana fulani amepigwa kichwani mara mbili tangu Pasaka. Bila daftari, kila jeraha linaitwa bahati mbaya, na kijana yule anapangwa tena kupigana Jumamosi.